Magitaa, Amplifaya na Pedali Zangu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Chumba cha uani kwangu Kigamboni kimejaa vifaa vya gitaa vilivyokusanywa taratibu kwa fedha ya mshahara, na kila anayeingia humo huuliza yaleyale. Wapo wapiga gitaa wa kwaya, wapo vijana wanaotaka kuanza, na wapo ndugu wanaoshangaa mtu mzima anatafuta nini kwenye gitaa jingine tena. Majibu haya ni ya mtu wa mwambao, penye joto, chumvi hewani na umeme wa kuja na kuondoka. Ukiwa Iringa au Limuru, baadhi ya tahadhari zangu utazipunguza.

## Mkusanyiko wenyewe

Una vifaa gani hasa?

Magitaa matano. Squier Telecaster ndilo ninalolipiga zaidi. Lipo Epiphone Les Paul, lipo Yamaha Pacifica, na lipo Yamaha FG, ambalo ni gitaa kavu la nyuzi za chuma. La tano ni la nyuzi za nailoni, lilikuja na mitumba ya Japani, jina lake halimaanishi chochote kwa mtu yeyote, na linalia vizuri kuliko bei yake.

Amplifaya ni tatu: Roland JC-40, Fender Blues Junior na Roland Micro Cube inayotumia betri. Pedali, yaani visanduku vya kukanyaga vinavyobadili sauti, zinazokaa ubaoni siku zote ni tyuna (ya kutunia nyuzi), kompresa (husawazisha sauti kubwa na ndogo), ovadraivu na distoshen (hupasua sauti), korasi (huifanya itikisike kama magitaa mawili) na dilei (huirudia kama mwangwi). Nyingine zimo sandukuni, nitazitaja panapohusika.

Mikono miwili, magitaa matano. Ya nini?

Telecaster na Les Paul hazifanani kwa sauti wala kwa mkono (tofauti yake iko kwenye sehemu ya magitaa). Gitaa kavu halihitaji umeme, na la nailoni halichoshi vidole usiku. Hayo manne nayatetea popote. La Pacifica siwezi kulitetea kwa hoja ya muziki: lipo kwa sababu kila wiki kuna mtu anataka kuazima.

Ulichaguaje? Kwa jina la kampuni?

Jina linakuja mwisho. Kabla ya kutoa fedha najiuliza mambo matatu. Je, kifaa kitahimili chumvi na unyevu wa huku? Je, kikiharibika kuna fundi wa Dar anayeweza kukifungua bila kusubiri kipuri cha miezi? Na je, umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kitabaki kizima? Amplifaya za valvu (zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista) za Kimarekani za miaka ya 1960 nazipenda kupita kiasi, lakini hazipiti mtihani wa tatu, na wa pili zinapita kwa shida. Ndiyo maana chumbani mwangu hazimo.

Nina fedha ya kitu kimoja tu. Ninunue nini?

Kama huna gitaa, nunua gitaa, na ubakize kiasi cha kumlipa fundi aliseti. Kama unalo tayari na hulifurahii, usikimbilie jingine. Weka nyuzi mpya, mpe fundi, kisha lipige kwa wiki kadhaa. Wengi walioniambia gitaa lao ni bovu walikuwa na nyuzi zenye kutu na shingo iliyopinda.

Kama una gitaa na limesetiwa, basi amplifaya ndogo nzuri ndiyo inayofuata. Pedali ni ya mwisho, ingawa najua ndiyo inayowaka taa.

## Magitaa

Telecaster na Les Paul zina tofauti gani, mbali na umbo?

Ya kwanza ni pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazopokea mtetemo wa nyuzi. Telecaster, iliyoingia sokoni mwaka 1950 kwa jina la Broadcaster na kuitwa Telecaster kuanzia 1951 baada ya Gretsch kulalamika kwamba wao tayari wana ngoma za jina hilo, hutumia pikapu za koili moja. Mlio wake ni mkali, wa wazi, kila uzi unasikika peke yake. Les Paul ya Gibson ilitoka 1952, na kuanzia 1957 ikavaa hambaka, pikapu iliyobuniwa na Seth Lover. Hambaka ina koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa umeme ufutane. Mvumo unapungua sana, na mlio unakuwa mnene.

Ya pili ni urefu wa uzi kutoka daraja hadi mwanzo wa shingo. Telecaster ni milimita 648, Les Paul ni kama 628. Nyuzi zilezile zikiwekwa kwenye Les Paul zinalegea kidogo na ni rahisi kuzivuta. Kwenye Telecaster zinakaza na kujibu haraka. Mpiga solo wa sebene atapenda mkazo huo. Mpenda bluzi atalalamika.

Ya tatu haisemwi sana: shingo ya Telecaster imefungwa kwa skrubu nne. Ikipinda vibaya unafungua, unaweka nyingine. Ya Les Paul imegundishwa, na kichwa chake kimeinama kwa nyuma, kwa hiyo likianguka chali shingo huweza kuvunjika pale kwenye maungio ya kichwa. Kama gitaa litakaa madhabahuni ambako watoto hupita, mimi ningenunua la skrubu.

Squier na Epiphone si feki?

Hapana. Squier ni jina la Fender lenyewe, linalotumika kwa magitaa ya bei nafuu tangu 1982. Epiphone ilikuwa kampuni huru hadi Gibson walipoinunua mwaka 1957. Ni bidhaa halali, zinatengenezwa zaidi Asia, na gharama hupunguzwa kwenye pikapu, swichi na umaliziaji, vitu vinavyobadilishika.

Feki ni gitaa lililoandikwa "Gibson" kichwani ilhali halikutoka Gibson. Angalia kile kibati cha plastiki kinachofunika tundu la fito ya chuma ya ndani ya shingo, pale kichwani: cha Les Paul ya Gibson hushikwa na skrubu mbili, feki nyingi zina tatu. Alama hii peke yake haitoshi, lakini ukiiona, anza kuuliza maswali. Bei ikiwa ndogo mno kwa jina hilo, jibu umeshapewa.

Gitaa langu kavu linaumiza vidole hadi nimekata tamaa. Tatizo ni mimi?

Mwezi wa kwanza, kidogo ni wewe. Baada ya hapo ni gitaa. Pima urefu kati ya freti ya 12 na uzi mnene kabisa. Gitaa la umeme likiwa na kama milimita 2 linapigika vizuri. Gitaa kavu kati ya 2.5 na 3. Yale ya bei ya chini yanayouzwa Kariakoo mara nyingi huja na zaidi ya hapo, na hakuna kidole kitakachozoea milimita 5.

Marekebisho yana mpangilio. Kwanza fito ya chuma iliyo ndani ya shingo, ambayo huzungushwa robo mzunguko kwa wakati, kisha unasubiri na kuangalia tena. Pili kimo cha daraja: kwenye gitaa kavu ni kile kipande cheupe, ambacho hutolewa na kusuguliwa msasa upande wa chini. Tatu, mikato ya mwanzo wa shingo inayobeba nyuzi. Hiyo ya tatu mwachie fundi, kwa sababu ukikata zaidi ya kiasi hairudi. Na fundi seremala hata awe hodari vipi si fundi gitaa. Tafuta anayepiga mwenyewe.

Limetuniwa sawa, lakini nikipanda freti za juu linapotoka. Kwa nini?

Uzi mmoja piga ukiwa umeugusa tu juu ya freti ya 12, halafu upige ukiwa umeubana hapohapo. Sauti mbili hizo zinatakiwa kuwa moja. Ya kubana ikiwa juu, rudisha kitandiko cha uzi huo nyuma kwenye daraja. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Magitaa ya umeme yana skrubu ya kazi hiyo. Fanya hivyo ukiwa na nyuzi mpya, kwani uzi wenye kutu haupatani na freti yoyote.

Nyuzi za namba gani, na nizibadilishe lini?

Kwenye magitaa ya umeme natumia za 10, yaani uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.010. Les Paul ikiwa na za 9 mimi naiona inateleza mno. Wengine wanaipenda hivyohivyo.

Kuhusu muda, sahau ratiba za vitabuni zilizoandikwa na watu wa nchi kavu. Huku pwani jasho na chumvi hula chuma. Ukipitisha kidole chini ya uzi ukahisi mikwaruzo, wakati umefika. Nyuzi zenye utando zinauzwa ghali zaidi na zinadumu mara kadhaa, na kwangu ndizo zinazotoka nafuu. Kila ukimaliza kupiga, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini. Hakuna tabia nyingine kwenye ukurasa huu yenye faida kubwa kwa gharama ndogo hivyo.

Nimesikia Wakongo wanabadilisha uzi wa nne. Ni kweli?

Ni kweli, ipo desturi hiyo. Badala ya uzi wa nne wa kawaida, wa re, huwekwa uzi mwembamba unaotuniwa oktavu moja juu. Mkono wa kushoto haubadiliki, ila ghafla zile chodi zinang'aa na gitaa la kati, wanaloliita mi-solo, linapata nafasi yake kati ya solo na ridhimu. Nunua uzi mmoja mwembamba wa ziada ujaribu. Usiukaze kwa pupa.

Na ile staili ya kidole gumba ya Katanga, inahitaji gitaa gani?

Gitaa kavu lolote lenye nyuzi za chuma, na kapo, kile kibanio cha nyuzi kinachofungwa shingoni. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Katanga, Kongo, mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, alikuwa akipiga kwa gumba na kidole cha shahada. Besi na melodi zote mbili zinatoka kwenye mkono mmoja. Hakuna kifaa cha kununua hapo. Ukitaka kutumia fedha, nunua nyuzi.

## Amplifaya

Kwa nini Roland, wakati kila mtu anasifia Fender na Marshall?

Kwa sababu muziki ninaoupenda unataka sauti safi isiyopasuka. Jazz Chorus ya kwanza, JC-120, ilitoka 1975, haina valvu hata moja, na ndani yake mna amplifaya mbili za wati 60, kila moja na spika yake ya inchi 12. Korasi yake maarufu inatengenezwa hewani: spika moja inatoa sauti kavu, nyingine inatoa sauti inayotikisika, na sikio lako ndilo linalozichanganya. Mzunguko huohuo uliwekwa kwenye pedali ya Boss CE-1 mwaka uliofuata. JC-40 yangu ni mdogo wake, wati 40 na spika mbili za inchi 10, na ninaibeba peke yangu hadi kwenye bajaji.

Ubaya wake ni kwamba distoshen iliyojengewa ndani ni ya kuudhi. Sijawahi kuiwasha mbele ya wageni.

Je, valvu ni bora kuliko transista?

Kwa sauti iliyopasuka kidogo, ndiyo, kwa sikio langu. Blues Junior ina wati 15, valvu mbili za EL84 na tatu za 12AX7, na ukiipandisha inaanza kunguruma kwa namna inayofuata mkono wako: piga kwa upole isikike safi, piga kwa nguvu ipasuke.

Lakini valvu huchakaa, huvunjika gari likipita kwenye mashimo, na Dar es Salaam si kila duka linaziuza. Mimi nina seti ya akiba. Mtu asiyetaka kuweka akiba asinunue amplifaya ya valvu.

Angalizo moja la uhai: ndani ya amplifaya ya valvu kuna kapasita zinazoweza kushikilia mamia ya volti hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kubadilisha valvu ni kazi yako. Kufungua chasi ni kazi ya fundi anayejua kuzitoa chaji.

Ninunue ya wati ngapi?

Ndogo kuliko unavyofikiri. Ukiongeza wati mara mbili sikio linapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Ili sauti isikike maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo wati 15 na wati 30 si mbingu na ardhi. Nyumbani wati 5 zinatosha kugombana na majirani. Kanisani au ukumbini amplifaya hukaa mbele ya maikrofoni, na mitambo ya ukumbi ndiyo inayofanya kazi ya kufika nyuma.

Naweza kuchomeka gitaa kwenye sabufa ya nyumbani au moja kwa moja kwenye mixa ya kanisa?

Litalia, na halitakufurahisha. Pikapu ya gitaa inahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu 1. Tundu la sabufa au la mixa lina sehemu ndogo sana ya hiyo, kwa hiyo trebo inakufa na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Mixa nyingi sasa zina kitufe cha gitaa kwenye chaneli moja au mbili, kitafute kwanza. Kama hakipo, nunua kisanduku cha DI, kinachoiandaa sauti ya gitaa kwa ajili ya mixa, au pitia kwenye pedali ya efekti mchanganyiko, yaani yenye efekti nyingi ndani yake.

Distoshen ni habari nyingine. Spika ya gitaa yenyewe hukata masafa ya juu, takriban kuanzia kilohezi 5, na hivyo hufunika ukali wa distoshen. Sabufa na spika za kanisa hazikati. Ukipitisha distoshen humo bila kitu kinachoiga spika ya gitaa, unapata nyuki.

Kanisani solo langu halisikiki hata nikiongeza sauti. Amplifaya yangu ni ndogo?

Huenda umeongeza besi mno. Besi ni ya mpiga besi na kinanda. Ukiingia humo unapotea. Punguza besi, punguza distoshen, ongeza masafa ya kati. Ukilisikiliza peke yake gitaa litaonekana jembamba na baya. Ndani ya bendi ndipo litakapokaa mahali pake.

## Pedali

Nianze na pedali ipi?

Tyuna. Baada ya hapo inategemea unachopiga. Kwa dansi, rhumba na nyimbo za kusifu, dilei. Kwa roki, distoshen. Boss DS-1 iko sokoni tangu 1978 na bado ni miongoni mwa za bei nafuu.

Zipangwe vipi?

Kutoka kwenye gitaa: tyuna, wawa (ile ya kukanyaga mbele na nyuma) kama unayo, kompresa, ovadraivu, distoshen, korasi, dilei, riverbu (mwangwi wa ukumbi). Sababu ni moja: unataka kurudia mwangwi wa sauti iliyokwisha kupasuka, si kupasua mwangwi. Ukiweka dilei kabla ya distoshen, marudio yote yanasagwa pamoja. Kuna wanaoipenda vurugu hiyo, nami siwazuii.

Ovadraivu na distoshen si kitu kimoja?

Ni ndugu. Distoshen huja na uchafu wake kamili popote unapoichomeka. Ovadraivu kama Tube Screamer ya Ibanez, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, hupunguza besi na kuinua masafa ya kati, na kazi yake nzuri ni kuisukuma amplifaya ya valvu ipasuke yenyewe. Kwenye Blues Junior naipunguza uchafu hadi karibu sifuri na kuipandisha sauti. Kwenye JC-40 Tube Screamer peke yake haina mvuto.

Nifanye nini nipate sauti ya solo ya dansi la zamani, kama ya Mbaraka Mwinshehe?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na wengi hutegemea niwatajie pedali. Kwenye rekodi za Morogoro Jazz na Super Volcano kinachosikika ni gitaa safi, lenye trebo ya kutosha, na mwangwi kidogo. Telecaster au gitaa lingine la koili moja, pikapu ya karibu na daraja au ya katikati, amplifaya safi, kompresa ya kiasi, dilei fupi inayorudia mara moja au mbili. Hayo yanatosha kwa upande wa vifaa.

Kilichobaki ni mpangilio wa bendi. Solo hukaa juu shingoni, la pili hujibu katikati, ridhimu inashika chini, na hakuna anayempanda mwenzake. Mtu akipiga solo lile peke yake chumbani hataisikia sauti anayoitafuta, kwa kuwa nusu yake ilikuwa kwenye gitaa la mwenzake. Rekodi ridhimu kwenye simu, iweke kwenye spika, kisha piga juu yake.

Kwa Kongo ya miaka ya 1980 na kuendelea, ongeza korasi.

Pedali moja moja au efekti mchanganyiko?

Anayeanza, efekti mchanganyiko. Kwa bei ya pedali moja mpya ya jina kubwa unapata kompresa, dilei, korasi, tyuna, mwigo wa amplifaya na tundu la hedfoni, na zile ndogo nyingi zinatumia betri za AA, jambo ambalo umeme ukikatika utalishukuru. Baada ya mwaka utajua ni efekti zipi mbili au tatu unazozitumia kweli. Hizo ndizo za kununua peke yake.

Fazi yangu ya jeramani inabadilika mchana na usiku. Imeharibika?

Imechoka na joto. Pedali za fazi, zinazoisaga sauti kupita distoshen, za mtindo wa 1966 hutumia transista za madini ya jeramani, ambazo huvujisha umeme zaidi kadiri joto linavyopanda. Huku pwani, mchana wa Februari fazi yangu inakohoa; usiku inaimba. Ukitaka fazi isiyobadilika, chukua ya silikoni. Na fazi nyingi za jeramani zimegeuzwa chanya na hasi, kwa hiyo usizichomeke kwenye adapta moja na pedali nyingine. Zipe betri yake.

## Umeme

Adapta yoyote ya volti 9 inafaa?

Hapana. Angalia mambo matatu: volti, uelekeo na milliampea. Pedali nyingi zinataka volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta za modemu na ruta mara nyingi zina chanya katikati. Pedali za analogi hula milliampea chache. Za kidijitali hula mia moja hadi mia tatu na zaidi. Adapta ikiwa na milliampea nyingi kuliko zinazohitajika si tatizo, pedali huchukua inachotaka. Zikipungua ndipo matatizo huanza.

Ukinunua Boss za zamani zilizoandikwa "ACA" karibu na tundu la umeme, hizo zilitengenezwa kwa adapta ya volti 12. Ukizipa 9 peke yake taa hufifia na mlio hupungua. Si mbovu.

Nimenunua amplifaya iliyotoka Japani au Marekani. Nichomeke tu?

Usichomeke! Geuza nyuma usome. Japani ni volti 100, Marekani ni 120, Tanzania ni 230. Itaungua fyuzi ukiwa na bahati, na ukikosa bahati itaungua transfoma. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo mkubwa kuliko ulaji ulioandikwa kwenye amplifaya. Ongeza nusu yake kwa usalama. Kumbuka pia adapta ndogo zinazokuja ndani ya maboksi ya pedali za mitumba: nazo ni za volti 100.

Jambo la pili ni masafa. Vifaa vilivyotengenezwa kwa hezi 60 pekee, kwenye hezi 50 zetu transfoma yake hupata joto zaidi. Acha nafasi ya hewa nyuma.

Mvumo hauishi. Unatoka wapi?

Kwanza ushike uzi wowote kwa kidole. Ukipungua, tatizo ni kinga ya ndani ya gitaa au koili moja inayopokea umeme wa hewani. Geuka, sogea mbali na taa na chaja za simu. Usipopungua, chomoa pedali moja moja hadi umpate mwenye makosa. Mara nyingi ni adapta rahisi inayolisha pedali ya kidijitali na ya analogi kwa pamoja.

Kwa udadisi tu: umeme wetu wa hezi 50 unavuma karibu kabisa na noti ya soli. Kwenye nyimbo za ufunguo huo mvumo unakuwa mwanabendi.

Midomo yangu inapigwa shoti nikigusa maikrofoni. Ni kawaida?

Si kawaida, acha kupiga sasa hivi. Maana yake amplifaya yako na mitambo ya sauti hazina ethi moja, au soketi haina ethi kabisa, au waya zimegeuzwa. Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea kwa kushika maikrofoni yenye hitilafu ya ethi. Chomeka vyote kwenye chanzo kimoja, mwite fundi umeme apime soketi, na usikate pini ya ethi ili kupunguza mvumo, hata kama mtu wa mitambo anakwambia ndivyo wanavyofanya.

Unajikingaje umeme unapokatika na kurudi?

Kilinda friji kile cha kawaida, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi. Na ukikatika, zima swichi ya amplifaya mwenyewe kabla haujarudi.

## Joto, unyevu na chumvi

Magitaa uyaweke ukutani au kwenye begi?

Pwani, kwenye kesi ngumu au begi nene. Mbao za gitaa kavu hupenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na huku hewa mara nyingi inazidi hapo. Mbao zikinywa maji uso wa gitaa huvimba na nyuzi hupanda juu. Ndani ya kesi weka vifuko vya silika, na kipima unyevu kidogo cha bei rahisi. Vifuko vikishiba, vikaushe juani.

Hatari kubwa zaidi ni kuhama ghafla. Gitaa lililozoea Dar likipelekwa Dodoma kiangazi, au likikaa mbele ya kiyoyozi usiku kucha, hukauka na kupasuka. Ukifika, liache ndani ya kesi lizoee kwanza. Kwenye gari lililofungwa juani usiliache hata kwa dakika za kununua vocha, gundi ya daraja hulainika.

Kutu kwenye pikapu na skrubu?

Futa, weka mafuta mepesi kidogo kwenye skrubu kwa kijiti, usimwagie. Matundu ya jeki na vitufe vinavyokwaruza husafishwa kwa dawa ya kupuliza ya umeme, si mafuta ya kupikia, ambayo nimeyakuta ndani ya gitaa moja nililoletewa.

## Maswali ya pembeni

Gitaa langu lina mbao ya mpingo. Nitazuiwa uwanja wa ndege?

Mpingo ni Dalbergia, na mwaka 2017 jamii yote ya Dalbergia iliwekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, jambo lililowasumbua wanamuziki. Mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa kwenye masharti hayo. Ubaguzi ni rozwudi ya Brazili, ambayo imezuiwa kwa ukali tangu 1992. Gitaa lenye mbao hiyo linahitaji vibali. Vipande vya mpingo ghafi havimo kwenye msamaha huo, hata ukisema unakwenda kuchonga gitaa.

Natumia mkono wa kushoto. Nigeuze tu gitaa la kulia?

La umeme linawezekana kwa marekebisho: mwanzo wa shingo ubadilishwe ili mikato ifuate unene mpya, na nyuzi zipangwe sawa na daraja. Gitaa kavu lina kipande cha daraja kilicholazwa mshazari, kwa hiyo ukigeuza nyuzi bila kukigeuza, halitatuniwa vizuri kamwe. Njia nyingine ni ya Albert King, mpiga bluzi wa Marekani, aliyeligeuza gitaa na kuziacha nyuzi kama zilivyo, nyembamba juu. Ukijifunza hivyo tangu mwanzo, utaweza kuchukua gitaa la mtu yeyote harusini ukalicharaza.

Unaazima? Unauza?

Pacifica naazima kwa mtu ninayemjua, na linarudi likiwa limefutwa nyuzi (sababu iko kwenye swali la nyuzi). Amplifaya ya valvu haitoki. Siuzi kwa sasa, isipokuwa ile fazi ya jeramani, kwa mtu anayeishi sehemu ya baridi. Wa Njombe atapewa kipaumbele.